Katika ubia wa kuunda ndege, tuulize kiungo ni cha nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo nililoishi nalo kwa miaka mingi nikiwa fundi wa matengenezo ya ndege, nalo ni ubia wa mataifa katika kuunda ndege za abiria na za mizigo. Kila inapotangazwa kwamba nchi kadhaa zimetia saini kuunda ndege kwa pamoja, habari huishia kwenye hesabu moja tu: nani amepata asilimia ngapi ya kazi. Asilimia hizo hushangiliwa kana kwamba ndege yenyewe tayari iko angani. Kwa maoni yangu hesabu hiyo si ya kwanza kuulizwa. La kwanza ni kujua nani anawajibika kwa kiungo, yaani mahali pale kipande cha mbia mmoja kinapokoma na cha mwingine kinapoanza, na nani mwenye kauli ya mwisho wahandisi wa pande mbili wanapotofautiana kuhusu kiungo hicho.

Mtu akifungua vifuniko vya ATR, ndege ya injini mbili za panga boi inayotumika kwenye safari fupi duniani kote, atakuta jambo hili limeandikwa kwenye vibao vidogo vya chuma. Kiwiliwili kimetoka Italia, mabawa yametoka Ufaransa, injini zimetoka Kanada, na vyote vimeunganishwa Toulouse, Ufaransa. Ubia huo wa Waitalia na Wafaransa ulianza mwaka 1981, ndege ya kwanza ikaruka Agosti 1984, na hadi leo unaendelea. Fundi anayebadilisha kipuri usiku wa manane haoni mataifa, anaona ndege moja. Ndivyo inavyotakiwa iwe, lakini haitokei yenyewe.

Sina ugomvi na ubia. Ndege mpya hula fedha kwa miaka mingi kabla ya kurudisha hata senti moja, na soko la nchi moja mara nyingi halitoshi kuibeba. Ufaransa ililiona hilo kupitia Mercure, ndege ya abiria ya kampuni ya Dassault iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1971. Haikuwa ndege mbovu, lakini zilitengenezwa 12 tu, na shirika moja tu, Air Inter, ndilo lililozinunua. Ujerumani Magharibi nayo ilikuwa na VFW 614, ambayo haikufika hata ndege 20. Kwa hiyo anayesema kila nchi ijitengenezee ndege yake hajaitazama historia, na mimi simuungi mkono.

Airbus, kampuni ya ndege ya Ulaya, ndiyo mfano unaotajwa kila mara, ila sehemu inayofundisha zaidi hutajwa kwa nadra. Mwaka 1967 Uingereza, Ufaransa na Ujerumani Magharibi zilikubaliana kuunda ndege kubwa ya abiria 300, na asilimia zikagawanywa mapema: Uingereza na Ufaransa 37.5 kila moja, Ujerumani 25, na sehemu kubwa ya kazi ya injini ikapewa Rolls-Royce ya Uingereza. Hesabu ilikuwa safi, lakini ndege haikuwa na mnunuzi. Ilikuwa kubwa kupita mahitaji ya mashirika, na injini iliyokusudiwa ilikuwa bado kwenye karatasi. Mwishoni mwa 1968 mhandisi Mfaransa Roger Béteille, akishirikiana na Mjerumani Felix Kracht, aliipunguza hadi abiria 250 hivi ili iweze kutumia injini zilizokuwa tayari zinatengenezwa. Uamuzi huo ulivuruga mgawanyo wa asilimia, na ndio uliookoa ndege.

Mwezi Aprili 1969 serikali ya Uingereza ilijitoa. Kwa mantiki ya bendera, mabawa yangehamishiwa Ufaransa au Ujerumani mara moja, maana mabawa ndiyo heshima ya usanifu wa ndege. Béteille hakukubali. Alijua kwamba wasanifu wa mabawa wa Hawker Siddeley, kampuni ya Uingereza, walikuwa na ujuzi ambao wengine hawakuwa nao, akataka wabaki. Kampuni hiyo ikatia fedha zake yenyewe, na serikali ya Ujerumani ikasaidia kwa mkopo. Tarehe 29 Mei 1969, kwenye maonyesho ya ndege ya Le Bourget, mawaziri wa Ufaransa na Ujerumani walitia saini bila Uingereza, ilhali mabawa yakiendelea kuchorwa na Waingereza. Ndege hiyo, iliyopewa jina la A300, iliruka mara ya kwanza tarehe 28 Oktoba 1972. Serikali iliyojitoa ilirudi baada ya miaka 10, pale kampuni yake ya British Aerospace ilipoingia rasmi mwaka 1979 kwa asilimia 20, na mabawa yakaendelea kutengenezwa Broughton, Wales.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo kiini cha barua yangu. Kulikuwa na mtu mmoja wa kiufundi aliyeweza kusema bawa hili litakaa hapa na kiwiliwili kile kitapokelewa pale, na neno lake likasimama. Aliamua hata lugha ya kazi, akachagua Kiingereza ingawa yeye ni Mfaransa, kwa kuwa mashirika ya ndege yalikwisha zoea vitabu vya lugha hiyo. Kukataa kupigania lugha yako mwenyewe kwa ajili ya ndege kunahitaji moyo mpana, na ninamheshimu sana kwa hilo.

Hata hivyo mafanikio hayakuja haraka. Katikati ya miaka ya 1970 A300 zisizo na rangi ya shirika lolote zilikaa Toulouse zikisubiri mnunuzi. Mlango ulifunguka mwaka 1977 pale Eastern Air Lines ya Marekani ilipokubali kuzijaribu ndege 4 kwa miezi 6 bila kulipa ada ya kuzikodi, kisha mwaka uliofuata ikaagiza 23. Ubia uliojaa ugomvi wa viungo usingevumilia ukame wa namna hiyo.

Ubia uliopangwa vizuri kuliko yote ninayoifahamu haukuwa wa kuunda ndege nzima. Ni ule wa General Electric ya Marekani na Snecma ya Ufaransa, ulioanzishwa mwaka 1974 kwa jina la CFM International ili kutengeneza injini moja, CFM56. Wamarekani walichukua moyo wa injini, penye joto na shinikizo kubwa. Wafaransa wakachukua feni ya mbele na sehemu za shinikizo dogo. Mpaka wa kazi ukaonekana wazi kama ukuta wa nyumba. Jambo ninalolipenda zaidi ni namna walivyogawana fedha: waligawana mapato nusu kwa nusu, na kila mmoja akabeba gharama za nusu yake. Hakuna aliyelazimika kukagua daftari la mwenzake, na aliyepunguza gharama alifaidi mwenyewe. Serikali ya Marekani ilisita kuruhusu teknolojia hiyo itoke, kwa kuwa moyo wa injini ulitokana na injini ya ndege ya kivita, na suala hilo likafika hadi kwa marais Nixon na Pompidou walipokutana Reykjavik mwaka 1973. Hata baada ya ruhusa, ilipita miaka bila mteja yeyote hadi mwaka 1979. Leo injini za CFM56 zilizotolewa ni zaidi ya 30,000, na fundi yeyote wa ndege za safari za kati ameshazishika.

Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kupita sauti, ilikuwa kinyume cha utulivu huo. Mkataba wa Uingereza na Ufaransa wa tarehe 29 Novemba 1962 haukuwa na kifungu cha kujitoa, na serikali mpya ya Uingereza ilipotaka kuachana na mradi mwaka 1964 ilijikuta imefungwa. Kifungo hicho ndicho kilichoifikisha angani ndege ya ajabu, lakini pia kilizaa mistari miwili ya kuunganisha, mmoja Toulouse na mwingine Filton, Uingereza, kwa ajili ya ndege 20 tu kwa jumla. Hiyo ni heshima ya mataifa ikilipiwa kwa fedha za umma.

Sasa nije kwenye A380, ndege kubwa ya ghorofa mbili ya Airbus, ambayo bado hunisikitisha. Ndani yake mlikuwa na nyaya zenye urefu wa zaidi ya kilomita 500. Wahandisi wa Hamburg, Ujerumani, walizichora kwa toleo la zamani la programu ya usanifu, ilhali Toulouse walikuwa wamehamia toleo jipya, na michoro ya pande hizo mbili haikuelewana ipasavyo. Sehemu za kiwiliwili zilipofika Toulouse, nyaya zilikuwa fupi na hazikufika kwenye viunganishi vyake. Si kwamba fundi wa Hamburg alikosea hesabu au fundi wa Toulouse alikuwa mzembe. Kila mmoja alikuwa sahihi ndani ya chumba chake, na kosa lilikuwa mlangoni. Mamia ya mafundi walitumwa kutoka Ujerumani kwenda Toulouse kufumua na kufunga upya kwa mikono, na ndege iliyoruka mara ya kwanza Aprili 2005 haikumfikia mteja wa kwanza, Singapore Airlines, hadi Oktoba 2007.

Kwa nini hakuna aliyewaamuru mapema watumie toleo moja? Nadhani jibu liko juu zaidi ya karakana. Kampuni mama ya Airbus wakati huo, EADS, iliongozwa na wakurugenzi wakuu wawili, Mfaransa na Mjerumani, ili hakuna taifa lijisikie limetawaliwa na lingine. Mpangilio huo ulifutwa mwaka 2007, tayari nyaya zikiwa zimekwisha kuwa fupi. Kumwambia upande mmoja aache chombo chake cha kazi na kuchukua cha mwenzake lilikuwa neno gumu kisiasa, kwa hiyo halikusemwa, na gharama yake ikabebwa na watu waliolala chini ya sakafu ya ndege wakivuta nyaya.

Kuna atakayenijibu kwamba basi kampuni moja ishike kila uamuzi, na wengine wawe wauzaji wa vipande tu. Boeing ya Marekani ilijaribu njia inayokaribiana na hiyo kwenye ndege yake ya abiria, 787, na haikuwa salama zaidi. Mitsubishi ya Japani ilipewa mabawa, kampuni nyingine mbili za huko zikapewa sehemu za kiwiliwili na kisanduku cha katikati cha bawa, Alenia ya Italia ikapewa sehemu nyingine, na wabia wakaachiwa hata usanifu wa kina wa vipande vyao. Boeing ilibaki kuunganisha. Tarehe 8 Julai 2007 ndege ilionyeshwa kwa ulimwengu kwa shangwe kubwa, lakini ndani ilikuwa karibu ganda tupu, na vifungo vyake vingi vilikuwa vya muda. Vipande vilikuwa vimefika bila kazi iliyopaswa kufanywa na watengenezaji wake.

Mwezi Juni 2009, siku chache kabla ya kuruka, ikatangazwa kwamba lazima sehemu fulani iimarishwe. Sehemu hiyo ilikuwa mahali bawa linapokutana na kiwiliwili: kiungo tena, na si katikati ya kipande cha mtu yeyote. Ndege iliruka Desemba 2009, na mteja wa kwanza, ANA ya Japani, aliipata Septemba 2011 badala ya Mei 2008. Katikati ya matatizo hayo Boeing ililazimika kununua kiwanda cha mmoja wa wabia wake huko South Carolina. Hapa mwenye kauli ya mwisho alikuwepo, bila ubishi. Alichokosa ni macho ndani ya karakana za wabia, na kauli ya mtu asiyeona haimsaidii fundi.

Kwa upande wa ndege za mizigo, A400M inanihuzunisha kwa namna yake. Mwaka 2003 nchi 7 za Ulaya ziliagiza ndege 180: Ujerumani 60, Ufaransa 50, Uhispania 27, Uingereza 25, Uturuki 10, Ubelgiji 7 na Luxembourg 1. Kazi ikagawanywa kwa kutazama nani ameagiza ngapi. Kampuni ya Kanada ilikuwa imeleta zabuni ya injini, lakini serikali zikataka injini ya Ulaya, na kampuni 4 za nchi 4 zikaungana kuunda injini mpya kabisa ya panga boi, yenye nguvu kuliko yoyote iliyopata kutengenezwa Ulaya Magharibi. Programu ya kompyuta inayoitawala injini hiyo ikawa miongoni mwa mambo yaliyochelewesha mradi. Ndege iliruka kwa mara ya kwanza Sevilla, Uhispania, tarehe 11 Desemba 2009, na mwaka uliofuata serikali zikalazimika kukubaliana kuongeza yuro bilioni 3.5 ili mradi usife. Mei 2015 ndege moja mpya ilianguka karibu na Sevilla ikiwa kwenye majaribio, na watu 4 kati ya 6 waliokuwamo wakafariki. Iligundulika kwamba data muhimu za kupimia nguvu za injini 3 zilikuwa zimefutika wakati wa kuweka programu. Sisemi kwamba ubia ndio uliowaua, kwa maana haki ya marehemu inadai uangalifu. Nasema tu kwamba mnyororo wa kazi unapokuwa mrefu, kila pete inahitaji mtu mwenye jina anayeijibia.

Afrika Kusini nayo iliingia katika mradi huo, ikaagiza ndege 8, na viwanda vyake vikapewa vipande vya kutengeneza. Gharama zilipopanda na tarehe kusogea, Novemba 2009 serikali yake ilifuta oda. Viwanda viliendelea na vipande vyao, lakini nchi ilibaki bila ndege. Siilaumu kwa kufuta. Ninachokiona ni kwamba aliyeingia akiwa mdogo hakuwa na nafasi mezani pale ucheleweshaji ulipokuwa ukiamuliwa. Alipewa taarifa tu.

Je, mdogo hawezi kamwe kukaa kama mwenye nyumba? Anaweza, na Indonesia iliwahi kuonyesha. Mwaka 1976 ilianzisha kiwanda Bandung chini ya B. J. Habibie, mhandisi aliyekuwa amefanya kazi Ujerumani, na kikaanza kwa unyenyekevu: kutengeneza kwa leseni ndege ndogo ya CASA ya Uhispania. Walipokwisha kujifunza kukata na kuunganisha kwa michoro ya mwingine, walikaa na Wahispania hao hao kusanifu ndege mpya, CN-235, nusu kwa nusu. Uhispania ilichukua mbele na katikati ya kiwiliwili pamoja na katikati ya bawa. Indonesia ikachukua sehemu za nje za mabawa, nyuma ya kiwiliwili na mkia. Ndege mbili za mfano, moja ya kila nchi, ziliruka mwishoni mwa 1983, moja Novemba na nyingine Desemba. Wahandisi wa Bandung walishiriki kuchora viungo, si kufuata tu, na ndiyo sababu mwaka 1995 waliweza kurusha N-250, ndege waliyoisanifu wenyewe. Mradi huo ulikatika mwaka 1998, masharti ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa yalipozuia fedha za serikali. Fedha zilikatwa, ila ujuzi wa CN-235 haukunyang'anywa, na ndege hizo zinaendelea kutoka Bandung hadi leo.

Siasa za nje ni hatari nyingine, nami nitaipitia kwa ufupi. Ndege ya abiria ya Urusi, Sukhoi Superjet, ilitumia injini iliyoundwa nusu na Wafaransa, ambao walishika moyo wake. Huduma zao zilipokoma mwaka 2022 kwa sababu ya vikwazo, Warusi walibaki na ndege ambazo nusu ya injini yake hawakuwahi kuimiliki. Mradi wa Urusi na China wa ndege kubwa ya abiria, CR929, nao ulibaki wa China peke yake. Anayetia saini leo azingatie kwamba mbia wa leo anaweza kufunga mlango kesho, na ajue ni michoro ipi itabaki mikononi mwake siku hiyo.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nina ombi kwa waandishi wako. Wanapoalikwa kwenye hafla ya kutia saini mradi wa ndege, wasirudi na asilimia peke yake. Wamuulize msemaji: mchoro wa mahali bawa linapoingia kwenye kiwiliwili utasainiwa na ofisi gani? Pande zote zinatumia programu ileile ya usanifu, na toleo lilelile? Wahandisi wa mbia mdogo watakaa kwenye chumba cha usanifu, au watapokea michoro iliyokwisha? Msemaji akishindwa kujibu, hilo nalo liandikwe kwenye habari, katika aya ya kwanza.

Wako,
Fundi mstaafu wa ndege